Opsheni haikwepi gharama ya kuazima hisa

Anayetarajia bei ya hisa ishuke huweza kuiazima kwa ada na kuiuza, kisha akainunua tena kwa bei ya chini na kuirudisha. Wengi huamini kwamba hisa ikiwa adimu kuazimwa, dawa ni kununua opsheni ya kuuza, yaani haki ya kuuza hisa kwa bei iliyopangwa ndani ya muda fulani: huazimi kitu, hulipi ada. Sivyo. Anayekuuzia opsheni hiyo kwa kawaida hujikinga na kushuka kwa bei kwa kuazima hisa zilezile na kuziuza, na ada anayotozwa huipachika kwenye bei unayolipa wewe. Marekani, mwaka 2000, kampuni ya 3Com iliuza kwa umma takriban asilimia 5 tu ya hisa za Palm, kampuni yake tanzu. Hisa za kuazima zikawa haba mno, na opsheni za kuuza Palm zikawa ghali kuliko za kununua zenye masharti yaleyale. Nafuu moja ipo kweli: mwenye opsheni haamriwi ghafla kurudisha hisa. Nayo pia ameilipia.