Magadi hayawezi kuzika taka za nyuklia: dhana potofu na ukweli

Tangu Siaya itajwe kwa ajili ya kinu cha nyuklia, watu wa Kisumu na Nakuru wanauliza taka zake zitatupwa wapi. Tukizungumzia kuzizika ndani ya chumvi, kuna mambo ya kunyoosha.

Dhana: Chumvi ni chumvi, hata magadi ya Bonde la Ufa yangefaa.

Hapana. Inayofaa ni chumvi ya mwamba, yaani kloridi ya sodiamu. Karibu na Carlsbad, New Mexico, Marekani huzika taka za kijeshi zenye plutoniamu (si fueli ya vinu) mita 655 chini ya ardhi, katika tabaka la chumvi la miaka milioni 250 hivi. Magadi yale ya kulainishia mrenda ni kabonati na baikabonati ya sodiamu, na yana maji ndani ya fuwele zake. Yakipata joto, maji hayo hutoka pamoja na kaboni dayoksaidi. Kibaya zaidi, kabonati hushikana na urani na plutoniamu, zikawa misombo inayoyeyuka na kusafiri na maji.

Carlsbad wanapambana na kabonati hiyo hiyo. Vijidudu hula karatasi, nguo na mbao zilizomo katika taka na kutoa kaboni dayoksaidi, ambayo ikiyeyuka majini huwa kabonati. Kwa hiyo juu ya mapipa huwekwa magunia makubwa ya oksidi ya magnesiamu. Ikipata maji hugeuka haidroksidi, nayo haidroksidi huinasa gesi ikawa kabonati ngumu ya magnesiamu. pH (kipimo cha asidi na alkali) hukaa karibu 9, na hapo plutoniamu huyeyuka kidogo sana.

Dhana: Ndani ya chumvi ni kukavu kabisa.

Fuwele zina vitone vya maji ya chumvi, na vitone hivyo huelekea penye joto: chumvi ya upande wa moto huyeyuka ndani ya kitone, kisha huganda tena upande wa baridi. Maji hayo hula chuma cha mapipa na kutoa haidrojeni. Hata hivyo, chuma hicho humaliza oksijeni, jambo linalosaidia kuituliza plutoniamu isiyeyuke kwa urahisi.

Hatari kubwa ni maji ya nje. Asse, Ujerumani, mgodi wa zamani ulipokea mapipa yapatayo 126,000 kati ya 1967 na 1978. Vyumba vilikuwa vimechimbwa karibu mno na ukingo wa chumvi, na sasa huingia takriban mita 12 za ujazo za maji kila siku.

Dhana: Vyumba vikibonyea, mradi umeharibika.

Chumvi hutambaa polepole na kuyafumbata mapipa. Ndiyo sababu ilichaguliwa.

Dhana: Kinyonya unyevu chochote kinatosha ndani ya pipa.

Februari 2014, pipa moja lilipasuka huko Carlsbad. Taka zake zilikuwa na nitrati, zikachanganywa na kinyonyaji cha ngano badala ya cha madini. Nitrati huchochea mwako, ngano ndiyo kuni. Joto lilipanda, kifuniko kikafunguka, plutoniamu na amerisiamu (metali nyingine yenye mionzi) zikatoka, na uzikaji ukasimama karibu miaka mitatu. Kanuni hiyo inafanya kazi hata katika maabara ya shule Kakamega: asidi ya nitriki ikimwagika, usiifute kwa unga wa mbao wala matambara. Tumia mchanga mkavu.