Kiwanda cha nguo hakianzii kwenye cherehani

Kiongozi akitembelea kiwanda cha nguo hapa Arusha, picha ya gazetini kesho yake naijua kabla sijaiona: safu za cherehani, akina dada wameinamia kazi, mgeni rasmi ameinua fulana. Si picha ya uongo. Lakini kwa kurudiwa miaka nenda rudi, imewaaminisha watu kwamba ukiwa na cherehani mia na banda kubwa, tayari una kiwanda cha nguo.

Kushona huja mwishoni. Kabla yake pamba imetoka Simiyu au Shinyanga, imechambuliwa, imesokotwa nyuzi, imefumwa, imetiwa rangi. Mimi ni mkaguzi wa rangi. Nakata kipande kwenye kila jora, navilaza vipande pamoja ndani ya kisanduku cha taa, natafuta bluu iliyopishana na mwenzake. Joto la maji likiyumba, au chumvi isipopimwa vizuri, jora la pili linatoka limefifia. Kifua cha shati kikikatwa huku na mkono ukakatwa kule, mteja anakataa mzigo mzima. Kwenye mvuke huo sijawahi kuona kamera ikikaa zaidi ya dakika chache.

Matokeo yake yalionekana kwenye habari za mitumba. Machi 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikutana hapahapa Arusha, wakaazimia kuiondoa mitumba hatua kwa hatua. Mitaani ikasikika kama marufuku ya kesho asubuhi, na wauzaji wa soko la mitumba la Memorial kule Moshi walikuwa na kila sababu ya kuogopa. Marekani ilipotishia kuondoa nafuu za AGOA, mpango wake wa kuingiza bidhaa za Afrika bila ushuru, Tanzania na Uganda zikalegeza msimamo. Rwanda ikashikilia wake, na mwaka 2018 nguo zake zikapoteza nafuu ya ushuru. Habari zote zikawa mitumba dhidi ya kiwanda.

Nilichokitafuta bila kukipata ni kitambaa. AGOA iliruhusu nchi kama yetu kupeleka Marekani, bila ushuru, nguo zilizoshonwa hapa kwa kitambaa cha kutoka Asia. Kwa hiyo mauzo ya nguo yanaweza kupanda bila kilo moja ya pamba ya Simiyu kuguswa, na sehemu kubwa ya pamba yetu bado inasafirishwa ghafi.

Najua wanahabari wanaweza kufuatilia uzi hadi mwisho. Jengo la Rana Plaza, lenye viwanda vya nguo, lilipoanguka Bangladesh mwaka 2013 na kuua watu zaidi ya 1,100, waliokota lebo kwenye kifusi wakazifuata hadi kwa wanunuzi Ulaya na Marekani. Shinikizo lile lilizaa mkataba wa usalama wa majengo ndani ya wiki chache.

Basi, ndugu mwandishi, ukija tena Arusha na mgeni rasmi akainua fulana, muulize mwenye kiwanda kitambaa chake kimefumwa wapi, na kama ni nje, kwa nini. Atakutajia umeme, maji, bei ya rangi, mashine zilizochakaa. Hiyo ndiyo habari ninayoisubiri.