Injini ya Boti Isiyowaka: Kabla ya Kulaumu Koili

Mwenye boti anayeishi Nairobi ana tatizo ambalo mvuvi wa Ziwa Victoria hana: mashine yake huguswa wikendi moja moja tu. Bwawa la Nairobi, ambako watu waliwahi kuendesha mashua za tanga, limemezwa na magugumaji, kwa hivyo boti hulazwa Naivasha, mwendo wa kilomita 90 hivi, na mwenyewe hubaki mjini akiamini kwamba chombo kisichotumika hakiharibiki. Imani hiyo ndiyo mama wa nyingine nyingi nitakazozitaja.

Gerejini, dhana inayosikika zaidi ni kwamba injini isiyowaka imekufa koili, ile inayoipa plagi umeme wa cheche, au plagi yenyewe. Plagi huchafuka, na koili hufa kweli, lakini kabla ya kufungua pochi kuna mambo mawili ya kukagua yasiyogharimu hata shilingi. La kwanza ni ile kamba ya usalama ambayo nahodha hujifunga mkononi: kibanio chake kisipokaa sawasawa kwenye swichi, umeme wa plagi hukatwa, na unaweza kuvuta kamba ya kuwashia hadi bega lichoke bila kupata cheche. La pili ni gia, ambayo lazima iwe huru, kwa kuwa injini nyingi zina kizuizi kinachozuia kamba ya kuwashia kuvutika, au stata (mota ya umeme ya kuwashia) kuzunguka, gia ikiwa imeingia.

Baada ya hayo, fuata njia ya petroli. Somo hili nililinunua kwa bei ghali. Mashine yangu ya nguvu-farasi 15 ilikuwa ikiwaka ziwani, inatembea dakika chache, inazimika, kisha inakataa katakata. Niliipakia kwenye pikapu hadi gereji moja mjini, nikauziwa koili mpya, na ikawaka palepale mbele ya macho yangu. Jumamosi iliyofuata ikazimika vilevile. Kilichonipotosha ni kwamba fundi aliijaribu kwa tangi lake, ilhali langu lilibaki Naivasha, skrubu ya hewa kwenye kifuniko ikiwa imefungwa. Petroli inapovutwa bila hewa kuingia mahali pake, mtiririko hukwama, na dalili yake utaishika kwa mkono: mpira wa kubinya ulio kwenye bomba la petroli hubaki bapa kama embe lililofyonzwa. Ukifungua hewa, ubinye ukiwa wima, upande wa injini ukiwa juu na mshale ukielekea huko, mpaka uwe mgumu. Usipokuwa mgumu, tafuta ufa kwenye bomba au kiungio kinachovuta hewa.

Ipo pia dhana ya choki, kwamba ikivutwa kwa muda mrefu ndivyo injini inavyowaka upesi. Choki hupunguza hewa ili injini baridi ipate mchanganyiko wenye petroli nyingi. Injini iliyozimika sasa hivi kwa kawaida haiihitaji. Ukisikia harufu kali ya petroli, na plagi ikatoka imelowa, injini imefurika. Rudisha choki, chomoa bomba la petroli, toa plagi uzikaushe, kisha vuta kamba mara kadhaa ili petroli iliyozidi itoke, ukiwa umeondoa kile kibanio cha usalama ili cheche isikutane na mvuke.

Hapo ndipo mtu wa Nairobi huleta hoja ya hewa, akidai kwamba mashine iliyotoka Mombasa haiwezi kuwaka huku juu. Hoja hiyo ina chembe ya ukweli. Ziwa Naivasha liko takriban mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa huko ni kama asilimia 80 ya lile la pwani, kwa hivyo kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, ikiwa imerekebishwa kwa hewa ya pwani humimina petroli nyingi kupita kiasi. Injini itapoteza nguvu na itafurika upesi zaidi, lakini ikiwa nzima itawaka.

Mkosaji mkubwa, kwa maoni yangu, ni petroli yenyewe, ambayo wengi huapa kwamba haiozi. Ikikaa miezi, sehemu zake nyepesi, ambazo ndizo zinazowaka kwa urahisi, hupeperuka, na inayobaki huganda polepole kuwa utomvu unaoziba vitundu vya kabureta vilivyo vyembamba kama tundu la sindano. Petroli iliyochakaa huwa na rangi nzito na hunuka kama vanishi kuukuu. Mimina kidogo kwenye chupa safi ya kioo na uiache itulie. Kama kuna maji, yataonekana chini yakijikusanya kama ushanga. Legeza skrubu iliyo chini ya bakuli la kabureta, kinga kitakachotoka kwenye kopo badala ya kukimwaga ziwani, kisha weka petroli mpya kabla hujanunua kipuri chochote.

Wengine huongeza mafuta ya taa ili kupunguza gharama. Uchanganyaji huu wa mafuta si jambo geni nchini. Ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa uliwekwa mwaka 2018 kwa nia ya kuukomesha. Zipo injini za boti zilizotengenezwa kutumia mafuta ya taa, lakini hata hizo huwashwa kwanza kwa petroli. Vivyo hivyo, oili nyingi kupita kiasi hailindi injini ya mipigo miwili, ile inayochanganyiwa oili kwenye petroli. Huchafua plagi tu. Uwiano unaotumika sana ni 50 kwa 1, yaani mililita 400 za oili kwa mtungi wa lita 20 za petroli, ingawa kitabu cha injini ndicho chenye neno la mwisho. Injini ya mipigo minne haichanganyiwi oili kwenye petroli hata tone.

Kwa wenye stata, taa kuwaka si ushahidi kwamba betri ni nzima, kwa kuwa stata hula umeme mwingi mno kuliko taa. Ukisikia mlio wa "tik" pekee, safisha na ukaze vichwa vya betri, kisha uichaji.

Imani ya mwisho ni ya hapahapa mjini, kwamba injini inaweza kujaribiwa gerejini bila maji, "kidogo tu". Pampu ya maji ya kupoza injini ina kigurudumu cha mpira chenye mapanga, kinacholainishwa na maji yenyewe, na kikizunguka kikavu huungua kabla hujamaliza kumsifu fundi. Itisha pipa, lijazwe mpaka maji yapite matundu ya kuvutia na lile bapa lililo juu ya rafadha, na ikiwaka tazama mchirizi unaotoka ubavuni. Usipouona upesi, izime. Ukiuona, iache ipate moto, kisha chomoa bomba la petroli na uiache izimike yenyewe, ili isirudi Naivasha ikiwa na petroli itakayogandia kabureta.