Kasha la siga pwani: kwa nini nilishuka hadi asilimia 65

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikitunza siga za wateja jijini Dar es Salaam, yaani zile sigara nene zinazoviringishwa kwa majani matupu ya tumbaku bila karatasi. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni maji kiasi gani yaongezwe kwenye kasha, na jibu langu huwashangaza wengi: kwa anayeishi pwani, miezi mingi ya mwaka hata tone moja halihitajiki.

Ushauri uliozoeleka wa unyevu wa asilimia 70 katika nyuzijoto 21 za Selsiasi unawafaa zaidi watu wa nchi za baridi, ambako mitambo ya kupasha nyumba joto hukausha hewa wakati wa kipupwe. Mimi niliufuata kama ulivyo na nikaula wa chuya. Masika moja niliweka sifongo iliyolowa maji yaliyokenekwa ndani ya kasha la siga 25 za Kuba, kisha nikasafiri kwa wiki tatu. Niliporudi nilizikuta zimevimba, majani ya nje yamepasuka kuanzia mdomoni, na nyingine zimeota ukungu wa kijani wenye manyoya. Niliiwasha moja iliyoonekana nzima, nayo ikazimika mara nne kabla ya kufika nusu.

Sababu yake ni rahisi kuielewa. Tumbaku hufyonza na kutoa maji mpaka ilingane na hewa inayoizunguka, na inapolowa, majani ya ndani hutanuka na kuziba njia ya moshi. Joto la kaa, ambalo lingechoma jani sawasawa, hutumika kwanza kugeuza maji kuwa mvuke. Ndiyo maana siga mbichi huwaka upande mmoja na kuacha upande mwingine, huku moshi wake mzito ukiacha uchungu na uchachu ulimini. Siga iliyokauka hufanya kinyume chake: huwaka haraka na kwa joto kali, hukereketa koo, na harufu yake huwa imekwisha toweka pamoja na mafuta mepesi ya jani. Hasara hii ya pili ndiyo mbaya zaidi kwa maoni yangu, kwa kuwa maji yanaweza kurudishwa taratibu, lakini mafuta yaliyokwisha ruka hayarudi.

Kuzeeka ni habari nyingine, na hapo ndipo asilimia tano zinapoleta tofauti kubwa. Kabla ya kuviringishwa, majani hurundikwa yakachachuka kwa joto na unyevu wake yenyewe, yakitoa amonia. Baada ya hapo kazi hiyo huendelea polepole mno ndani ya siga, kwa miezi na hata miaka, na huhitaji unyevu kidogo ili isisimame. Siga changa ukiinusa kwenye ncha ya kuwashia, wakati mwingine pua hushtuka kama mtu aliyeingia banda la kuku. Harufu hiyo ikiisha, ladha hutulia na ukali hupungua. Kwa siga za kuvutwa mwezi huu sina ugomvi na asilimia 68 au 69. Zile za kuwekwa miaka huziweka kati ya 62 na 65, katika nyuzijoto 18 hivi, na kasha silifungui ovyo.

Ufunguaji huo una hatari yake huku kwetu. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzijoto 30 na unyevu wa asilimia 75 hubeba takriban gramu 23 za maji, ilhali hewa ya nyuzijoto 18 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 15 na ushei. Ukifungua kabati lililopozwa katika chumba kisicho na kiyoyozi, ziada hiyo hugeuka umande juu ya siga zenyewe. Ubaridi nao hausaidii ladha tu: mayai ya mbawakavu wa tumbaku, Lasioderma serricorne, huanguliwa kwenye joto, na mdudu huyo hutoboa siga vitundu vya mviringo kama vilivyochomwa kwa sindano nene.

Kasha lenyewe hutengenezwa kwa mbao za Cedrela odorata, ambazo hufyonza unyevu wa ziada na kuutoa hewa inapokauka. Wengi huuita mwerezi, lakini ni wa jamaa ya mkangazi. Mti huo ulioletwa kutoka Amerika ya kitropiki umesambaa katika Msitu wa Kimboza, Morogoro, hadi kuwa kero kwa miti ya asili, nasi huku tunaagiza makasha yake kwa ndege!

Kabla ya kuamini namba yoyote, pima kipimaunyevu chako. Jaza chumvi ya mezani kwenye kizibo cha soda, iloweshe kwa matone machache mpaka iwe kama mchanga wa ufukweni maji yanapokupwa, kisha ifungie pamoja na kipimo ndani ya mfuko usiopitisha hewa kwa saa nane au zaidi. Kinapaswa kusoma 75. Changu cha kwanza kilisoma 68, kwa hiyo ile masika niliyodhani kasha liko kwenye 70, lilikuwa karibu na 77.