Kinyonga hapasuki tumbo akizaa

Tangu utotoni tumeambiwa kwamba kinyonga akizaa hupasuka tumbo na kufa. Si kweli hata kidogo. Kinyonga wa Jackson wa nyanda za juu za Kenya, yule ambaye dume wake ana pembe tatu, hubeba mimba miezi 5 hadi 6, kisha huzaa kwa njia ya kawaida. Kila mtoto hutoka ndani ya utando unaonata, huangukia jani, hujinyoosha na kuuchana, na papo hapo anatambaa. Mama huweza kuzaa tena.

Ndiyo maana inaniuma mfugaji anapomwona kinyonga wake akisukuma kutwa nzima bila kitu kutoka, akasema ndivyo walivyoumbwa. Mnyunyizie maji anywe, mweke palipotulia, umkimbize kwa daktari wa mifugo. Usimbinye tumbo, wala usivute mtoto.