Hata senti moja: kumwomba mchango mtu usiyemjua

Wachangishaji wengi wakinyimwa wanalaumu roho za watu, eti siku hizi hakuna huruma. Mimi nafundisha wanaosimama na visanduku vya michango na wanaogonga milango, na ninachokiona ni kwamba mara nyingi huruma ipo, ila mtu hajui atoe kiasi gani asionekane bahili, kwa hiyo anaona bora aseme sina apite zake.

Hapo ndo napenda ule utafiti wa Robert Cialdini na David Schroeder wa 1976. Kule Marekani watu waligongewa milango kuchangia American Cancer Society, shirika la kupambana na saratani, wengine wakaombwa kawaida, wengine wakaongezewa kasentensi kamoja tu, kwamba hata senti moja itasaidia. Kati ya walioombwa kawaida, waliotoa ni kama asilimia 29, wa senti moja wakafika 50! Na kinachofurahisha, hawakutoa senti moja, wastani wa kila aliyetoa haukushuka, maana kile kisingizio cha "sina cha maana" kishaondolewa na bado hakuna anayetaka aonekane kashindwa hata senti. Ila angalia, hawakuomba senti moja, walisema hata senti moja itasaidia. Wanafunzi wangu wanachanganya hapa kila mara, wanataja kiasi kidogo kama ndo ombi lenyewe halafu wanashangaa wanapewa hichohicho.

Kingine ni kumwambia mtu waziwazi yuko huru kukataa. Nicolas Guéguen na Alexandre Pascual walijaribu Ufaransa, kuomba wapita njia hela ya basi, na waliokubali wakaongezeka mara nne na zaidi. Mi binafsi sitegemei ongezeko kubwa hivyo kila mahali, lakini haina gharama yoyote.

Sasa wapo wanaobana, wanaziba njia, wanakukazia macho mpaka utoe. Hela inapatikana, sikatai. Lakini mwaka 2012 wachumi DellaVigna, List na Malmendier walionyesha kwamba watu wakitaarifiwa mapema kuwa mchangishaji anakuja na wakapewa nafasi ya kutiki wasisumbuliwe, utoaji unashuka kwa zaidi ya robo, na waliopungua hasa ni wa vihela vidogo, yaani wale waliokuwa wanatoa ili uondoke mlangoni. Huyo ukirudi mwezi ujao hafungui. Ndo maana mtu akisema hapana nawaambia vijana wangu waseme asante, wampishe, bila kuuliza kwa nini.