Sargent alikuwa anafuta, jamani

Sentensi hii kuhusu mchoraji maarufu wa picha za watu imenichosha: "John Singer Sargent aliweka brashi mara moja tu, hafuti." Mtu akiona mng'ao wa lulu uliowekwa kwa mpigo mmoja, basi anaamini picha nzima ilipatikana hivyo. Wanafunzi nao wanaona aibu kukwangua rangi waliyokosea.

Sargent alikwangua sana. Kichwa kikimkataa hakukitia viraka. Alikiondoa chote kwa kisu, akaanza upya. Sababu ni ya kifundi. Ukirekebisha rangi mbichi juu ya mbichi mara tatu nne, nyeupe inaingia kwenye kivuli na ngozi inafanana na maji ya kuoshea brashi. Mpigo mnaoushangaa leo ni ule uliosalia. Mipigo iliyotangulia iliishia kwenye kitambaa cha kufutia.

Maisha yake kwa haraka: alizaliwa Florence mwaka 1856, wazazi Wamarekani, 1874 akaingia karakana ya mchoraji na mwalimu Carolus-Duran, Paris. Kisha kashfa ya Madame X, picha ya mwanamke mwenye utepe wa gauni ulioteleza begani, kwenye Salon (maonyesho makubwa ya sanaa ya Paris) ya 1884, halafu akahamia London. Ila utepe huo aliupandisha baadaye kwa kupaka upya. Huyo ndiye "hafuti"! Na picha yake Carnation, Lily, Lily, Rose ilianza 1885 ikaisha 1886, kwa sababu mwanga alioutaka ulidumu dakika chache tu kila jioni.

Kwa Carolus-Duran alijifunza kutafuta kwanza rangi ya kati (iliyo baina ya mwanga na kivuli), kisha kivuli na mwanga kwa maeneo makubwa, brashi pana, rangi tele, mng'ao mwisho kabisa. Turubai aliisimamisha kando ya mtu anayechorwa, akarudi nyuma kutazama vyote viwili pamoja, akaja mbele kuweka mpigo, akarudi tena. Aliyeinamia turubai anaona pua, haoni uso.

Vitabu vinaisifu mbinu hiyo bila masharti. Mimi nina mashaka. Inadai chumba kirefu, mwanga usiohama na mtu aliyetulia. Kimoja kikikosekana, utanakili kosa kwa uaminifu mkubwa. Kwa anayeanza, sioni kama inamfaa kuliko kujifunza umbo la fuvu la kichwa.

Mnaotaka Sargent wa kikao kimoja, tazameni michoro yake ya mkaa, aliyoigeukia baada ya kuacha kuchukua oda za picha za rangi mwaka 1907. Uso mzima kwa saa chache. Na mwanga humo aliutoa kwa kufuta mkaa kwa sehemu laini ya ndani ya mkate.